Bunduki ya maji imekataa kupiga? Tafuta shida iko wapi kabla hujaitupa

Kila Idd ikipita hapa Mombasa utaziona bunduki za maji zimetupwa majaani, nyengine hazijamaliza hata wiki. Mtoto kapewa mkono wa Idd, kakimbia nao uwanja wa Makadara, kanunua bunduki, kacheza nayo siku mbili ikakataa, na mzazi kasema ndio vitu vya plastiki hivi, tupa. Mimi nakwambia usitupe. Nyingi ya hizo ni nzima kabisa, ndani kuna kitu kimoja kidogo kimeziba ama kimekauka ama kimetoka mahali pake, na ukijua pa kuangalia waitengeneza hapo hapo barazani kwa njiti ya fagio la chelewa, ndimu na bisibisi.

Na kinachoziua zaidi huku kwetu ni chumvi na mchanga. Twacheza ufuoni Pirates na Bamburi kwa maji ya bahari, tukirudi nyumbani twatia maji ya kisima ambayo sehemu nyingi huku pwani yana chumvi na chokaa kwa sababu chini yetu ni mawe ya matumbawe, alafu bunduki yaachwa juani ikauke. Maji yaondoka, chumvi yabaki, na yabaki kwenye vitundu vidogo kuliko vyote, na hivyo ndivyo vinavyoifanya bunduki ipige.

Kwanza ujue unayo ya aina gani

Manake dalili moja kwa bunduki mbili tofauti yaweza kuwa na sababu mbili zisizohusiana kabisa. Kuna ile bastola ndogo ya triga, kila ukivuta wasukuma kipistoni maji yatoka, ukiachia springi yakirudisha na kunyonya maji mengine, haina akiba yoyote ya nguvu, nguvu yote ni ya kidole chako. Kuna ile ndefu ya kuvuta na kusukuma yenye sponji kwa nje, hio ni sirinji kubwa. Kuna ile ya tangi ya kupampu hewa, wapampu kwanza alafu ukishika triga maji yenda mfululizo. Na kuna hizi za betri za kuchaji ambazo sikuhizi zimejaa madukani.

Kwa zote nne mimi huuliza maswali matatu na huyauliza kwa mpango: maji yaingia? nguvu yashika? njia ya kutoka iko wazi? Usiruke. Wengi huanza na la mwisho, wachukua sindano wachokoa mdomo wa bunduki wee mpaka tundu lapanuka, na kumbe maji hata hayajafika huko mbele.

Triga yavutika lakini maji hayatoki

Kama bunduki ilikuwa kavu usiwe na haraka. Ndani ya pampu kuna hewa na hewa yabonyea, kwa hivo mivuto ya kwanza yaisukuma hewa tu. Jaza tangi, elekeza mdomo juu kidogo, vuta triga haraka haraka mara kumi hivi, ikianza kutema mapovu alafu maji basi haikuwa mbovu, ilikuwa yataka kushibishwa tu.

Isipotoa kitu, igeuze. Ilaze upande huu, ilaze ule, ipindue kichwa chini huku wavuta triga. Ikipiga ukiwa umeiweka upande mmoja na kukataa ukiinyoosha, shida ni mrija wa ndani, ule unaoshuka mpaka chini ya tangi. Umechomoka ama umepasuka pale juu unapoingia kwenye pampu, kwa hivo yanyonya hewa badala ya maji. Fungua skrubu, kata ile ncha iliyopanuka kama milimita tano, chomeka tena mpaka ukaze. Ukiona umekuwa mfupi haufiki chini, mrija wa chupa ya sabuni ya kunawia mikono mara nyingi waingia vizuri.

Ikikataa pande zote, sasa ni vigoroli. Ndani ya pampu kuna vivalvu viwili vya njia moja, kila kimoja kina kigoroli kidogo cha chuma ama cha plastiki, ama kijipande cha mpira. Kimoja hufunguka maji yakiingia na kufunga yakitoka, cha pili hufanya kinyume chake. Tikisa bunduki tupu karibu na sikio lako, ukisikia kitu chagonga ndani basi goroli yatembea. Usiposikia yawezekana chumvi imeigandisha, ingawa zile zenye kispringi juu ya goroli na zile za mpira hazilii hata zikiwa nzima, kwa hivo kimya peke yake si ushahidi.

Dawa yake ni kuloweka. Tia maji matamu ya vuguvugu, vuta triga mara kadhaa yaingie mpaka ndani, iache usiku mzima. Usitie maji ya moto mno, plastiki hizi zapinda. Chumvi ya bahari yayeyuka kwa maji matamu peke yake haitaki kitu chengine, lakini ukiona asubuhi bado kuna ukoko mweupe mgumu, hio si chumvi ni chokaa ya maji ya kisima, na chokaa yataka asidi: kamulia ndimu ama tia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nusu saa yatosha, alafu suuza sana.

Kuna bunduki moja ya mtoto wa jirani ilikuwa yavuta vizuri, springi nzima, mrija mzima, na maji hayatoki. Nilipoifungua na kuimulika kwa tochi ya simu ndipo nikaona: punje moja ya mchanga mweupe imekaa baina ya kigoroli na kiti chake. Punje moja, wallahi. Kigoroli hakifungi, kwa hivo kila ukivuta triga maji yanayotakiwa yaende mbele yarudi tangini yalikotoka. Niliitoa kwa ncha ya chelewa na hapo hapo ikapiga mpaka ukuta wa pili. Ndio nasema bunduki ya kuchezea pwani lazima ioshwe kabla haijakauka, ikishakauka punje kama hio imeshashikwa na chumvi haitoki kwa kutikisa.

Mdomo wa mbele uje mwisho. Na huo usitumie sindano wala msumari, chuma hukwaruza tundu na tundu likikwaruzika maji hayatatoka tena yamenyooka. Chelewa ni laini, ina ncha, na ziko kila nyumba. Kama kile kidomo chafunguka, kifungue upige maji kutoka mbele kwenda nyuma, uchafu utoke kule ulikoingilia, usiusukume ukakaze zaidi.

Triga imezama hairudi

Springi imeshika kutu. Nyingi ni chuma cha kawaida na bahari yazimaliza upesi. Itoe, na badala yake tafuta chupa ya spreyi ya kinyozi ama ya dawa ya vioo iliyokwisha, ndani yake kuna springi isiyoshika kutu kirahisi, tena pampu yake yafanya kazi karibu sawasawa na ya bastola ya maji, pistoni, springi na vivalvu, kwa hivo hio chupa usiitupe ni stoo ya spea. Springi ya kalamu wengi wajaribu lakini ni dhaifu, kipistoni charudi nusu nusu na bunduki yapiga matone.

Wapampu wapampu lakini haishiki presha

Hapa ntakaa kidogo, manake hizi ndizo bunduki nzuri na ndizo zinazohukumiwa vibaya zaidi.

Aliyeleta mpango huu ni injinia wa Marekani, Lonnie Johnson, aliyefanya kazi NASA. Mwaka 1982 alikuwa nyumbani kwake ajaribu mtambo wa kupoza unaotumia maji badala ya gesi ya friji, kaunganisha mdomo aliouchonga kwenye bomba la sinki la bafuni, maji yakaruka kwa nguvu upande wa pili wa bafu, akaona hii ingekuwa bunduki ya maji nzuri sana. Ikaingia madukani 1990 kwa jina la Power Drencher, mwaka uliofuata ikaitwa Super Soaker. Alichobadilisha ni hiki: kabla yake nguvu ya bunduki nyingi ilikuwa nguvu ya kidole, yeye akaichukua nguvu ya mkono mzima akaiweka akiba ndani ya hewa iliyobanwa, na triga ikawa ni mlango tu. Kwa hivo bunduki ya aina hii kwanza ni chombo cha kuzuia hewa, maji yafuata baadaye. Ukiona dhaifu usitafute maji yatokea wapi, tafuta hewa yatorokea wapi.

Lakini kabla ya hilo angalia umejaza maji kiasi gani. Kama bunduki ni ya tangi moja, yaani unapampu hewa ndani ya tangi lile lile la maji, na mtoto kalijaza mpaka shingoni, haitapiga vizuri hata ikiwa mpya. Maji hayabonyei, kinachobonyea ni hewa, na wewe hewa hujaiachia nafasi, kwa hivo wapampu mara mbili pawa pagumu, wapiga sekunde moja, kwisha. Jaza theluthi mbili. Tena hesabu yake ni nzuri: hewa iliyokaa theluthi moja ya tangi ukiibana mpaka iwe na presha mara tatu ya hewa ya nje, ikitanuka mpaka kujaza tangi zima itakuwa imerudi sawa na ya nje pale pale maji yanapokwisha. Hakuna nguvu iliyopotea na hakuna maji yaliyobaki. Theluthi mbili hio ndio watoto wengi hawajui, waambie.

Sasa kama maji ni kiasi na bado haishiki, pampu mara kadhaa, alafu izamishe yote kwenye beseni la maji usishike triga, tazama mapovu. Mafundi wa baiskeli wafanya hivi kila siku na mrija wa gurudumu.

Mapovu yakitoka kwenye kifuniko cha tangi, ni washa, ile duara ya mpira ya kuziba. Itoe uitazame, mara nyingi imejaa mchanga upande mmoja, ama imelala kombo, ama haipo kabisa ilianguka mtoto alipokuwa ajaza maji. Washa ya bomba la jikoni yenye upana sawa yakaa, ama kata kutoka kwa mpira wa ndala iliyochakaa, ukate kwa makasi makali iwe duara safi.

Mapovu ama maji yakitoka mdomoni kwa mbele bila kushika triga, valvu ya triga haifungi. Mara nyingi ni mchanga, shika triga uache maji mengi yapite kwa presha mara kadhaa, hujisafisha yenyewe.

Hakuna mapovu popote, lakini mkono wa pampu wenyewe warudi nyuma pole pole bila kushikwa? Hicho ni kivalvu cha njia moja kilichoko mwisho wa pampu, hewa yarudi ilikoingilia. Loweka kama nilivyoeleza juu.

Na kama wapampu na husikii uzito wowote tangu mwanzo, mkono waenda na kurudi tu mwepesi, hio ni oringi ya pistoni, ule mpira mwembamba wa duara. Umekauka ama umelika. Vuta pistoni nje, futa mchanga wote, ukiona mpira bado mzima paka grisi ya silikoni kidogo tu, maduka ya vifaa vya mabomba huwa nayo. Usipake mafuta ya kupikia, siku chache yawa gundi yashika vumbi. Vaselini nayo usiizoee, kuna aina za mpira huzivimbisha na kuzilegeza. Ukiona mpira umelika beba ule wa zamani mpaka dukani mpime pamoja, usikisie kwa macho. Na kama umelegea kidogo tu, kuna njia ya mafundi: utoe, zungusha tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba mara mbili tatu ndani ya lile bonde unapokaa, alafu urudishe juu yake, utakaa umetuna na kushika tena.

Jambo moja ambalo sitaki mtu afanye: usipeleke bunduki petroli stesheni kuitia upepo, wala usiunganishe na pampu ya gari. Tangi la plastiki limetengenezwa kwa nguvu ya mkono wa mtoto, likipasuka lapasuka karibu na uso.

Tangi labonyea ndani na pampu yawa nzito

Hii ni rahisi na watu huivunja bunduki bure. Kwa zile zenye tangi la maji mbali na chumba cha presha, maji yakinyonywa lazima hewa iingie tangini kushika nafasi yake, na yaingilia kwenye kitundu kidogo juu ya kifuniko. Kikiziba chumvi, tangi lanyonya lenyewe mpaka kuta zaingia ndani na pampu haivutiki. Legeza kifuniko kidogo ujaribu, ikipona hapo hapo umepata jibu, chelewa kwenye kitundu na mambo yamekwisha.

Yapiga, lakini yafika karibu

Kabla hujasema yafika karibu ipime, manake watoto hupima kwa tone lililoruka mbali kuliko yote na hilo si kipimo. Simama mahali pamoja, shika bunduki usawa wa bega, maji kiasi kile kile, pampu mara zile zile, piga mara tatu kwenye sakafu kavu ya kabro alafu angalia pale palipolowa zaidi, hapo ndipo bunduki yako yafika. Kama ni ufuoni piga kufuata upepo alafu piga kuukabili, manake wakati wa kusi bunduki nzuri yaonekana mbovu na mbovu yaonekana nzuri kutegemea umeangalia wapi. Na usiinue digrii 45 kama tulivyofundishwa shule, hio ni ya mahali pasipo na hewa. Hewa huyakata maji njiani, kwa hivo 35 mpaka 40 hufika mbali zaidi. Alafu pima na wingi: chupa ya lita 1, simu, hesabu sekunde ngapi yajaa. Kuna bunduki zafika mbali lakini zatoa uzi mwembamba ambao hata haumloweshi mtu, mimi hizo sizipi alama nyingi, furaha ya mchezo huu ni kulowana.

Ukishapima ndio utafute sababu. Kwa bunduki ya hewa kasi ya maji yatokana na presha, lakini si sawa kwa sawa: presha ikizidi mara nne kasi yazidi mara mbili. Presha ya nusu baa juu ya hewa ya nje (baa ni kipimo cha presha, baa moja ni karibu sawa na hewa inayotuzunguka) hurusha maji kama mita 10 kwa sekunde, na ya baa 2 kama mita 20. Kwa hivo ikiwa yavuja hewa kidogo tu hutaona tofauti kubwa, lakini ikiwa imepungua mpaka yafika nusu ya ilipokuwa ikifika, presha nyingi sana imepotea, rudi kwenye beseni.

Vijana wengi hutibu hili kwa kupanua tundu la mbele kwa sindano ya moto. Kwa bastola ya triga hio ni kuiharibu: tundu likiwa pana mara mbili, eneo lake ni mara nne, kwa hivo kwa mvuto ule ule maji yatoka kwa kasi ya robo, yanaanguka miguuni. Kwa bunduki ya hewa yenye nguvu, uzi mnene waweza kufika mbali kidogo kwa sababu hewa haiukati upesi, lakini presha nayo yaisha haraka. Kama hujui bunduki yako ni ya namna gani usiguse tundu.

Na kama maji hayaendi uzi mmoja bali yafunguka kama spreyi, mdomo una ukoko ama umekwaruzwa. Ukoko watoka kwa siki. Mkwaruzo waweza kusawazishwa kwa msasa laini sana, taratibu, ukizungusha. Tazama na upande wa ndani pia: maji yataka kupita njia iliyonyooka na laini kabla ya kufika tunduni, kukiwa na kijipande cha plastiki kilichobaki kiwandani kimening'inia ndani, yatoka yakiwa yameshavurugika.

Yavuja kwenye kiungo

Ikiwa ni kwenye skrubu, kaza, lakini si kwa nguvu zako zote. Ikiwa ni kwenye ule mstari ambapo vipande viwili vimeunganishwa, inategemea plastiki. Angalia chini ya tangi kama kuna pembetatu yenye namba. Namba 2 na 5 ni zile zinazoteleza kama nta, ukikwaruza kwa ukucha zaacha alama, na hizo gundi ya supaglu haizishiki, itashika leo kesho itabanduka kama ganda. Mpelekee fundi wa kuziba mabeseni na ndoo kwa chuma cha moto, hio ndio tiba yake. Ile plastiki ngumu inayolia ukiigonga kwa kucha hushika gundi vizuri, hasa ile ya tyubu mbili za kuchanganya, ukipiga msasa kwanza na kukausha kabisa. Ufa uliotokana na jua ni habari nyengine, plastiki ikishapauka na kuwa yavunjika vunjika mkononi, ukiziba hapa yapasuka pale. Kwa tangi la presha lililopauka usijaribu hata kuziba.

Bomba la sponji lavuta nusu

Ziba mdomo kwa kidole gumba, vuta mkono nyuma, achia. Likirudi lenyewe mbele kwa nguvu liko sawa. Lisiporudi hewa yapita kwenye oringi, na tiba ni ile ile ya grisi ama tepu. Hizi kwa thamani yake mimi naziona bora kuliko zote kwa pwani, hazina springi, hazina betri, na nyingi zafunguka kwa mkono ukazisuuza ndani.

Ya betri: moja yalia haitoi, nyengine hailii kabisa

Ikilia bila kutoa maji, iache kwanza. Pampu ya mota ikizunguka kavu kwa muda mrefu yajisaga. Angalia kichujio kwenye mwisho wa mrija, kile kiwavu, mara nyingi kimejaa mchanga ama mwani. Safisha, zamisha mrija majini, bonyeza kidogo kidogo mpaka inyonye.

Ikilia kwa unyonge na ni ya betri za kawaida, angalia ni betri gani umetia. Zile za bei rahisi zatosha redio na saa lakini mota yavuta umeme mwingi kwa mpigo, volti yaanguka na bunduki yakoroma. Tia betri za alikalaini ndipo uihukumu.

Ikiwa imezima kabisa fungua mlango wa betri. Ukiona unga wa kijani ama mweupe kwenye vibati, chumvi imeingia ama betri imevuja. Toa betri, chovya pamba ya masikio kwenye ndimu, sugua mpaka bati ling'ae, futa kwa pamba yenye maji matamu, kausha kabisa kivulini ndipo urudishe. Na bunduki ya betri usiitie maji ya bahari kamwe hata kama boksi limeandika haiingii maji, maji ya chumvi yapitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matamu na yakiingia kwenye tundu la kuchajia hula bati kwa siku chache.

Betri ya kuchaji ikivimba, hapo hakuna kutengeneza. Usiichaji, usiitoboe, na usiitupe jaa linalochomwa moto, hizo betri za lithiamu hulipuka motoni na watoto huwa karibu. Na usichaji bunduki ikiwa tundu lake lina maji, na usiiache ikachaji usiku kucha mkiwa mmelala.

Yanuka, ama kuna vitu vyaogelea ndani

Maji yaliyobaki tangini ni nyumba ya mbu. Mbu wa dengue na chikungunya huzaa kwenye vyombo vidogo vya maji kama hivi, na magonjwa hayo si mageni Mombasa. Siku saba hadi kumi zatosha yai kuwa mbu. Mwaga yote baada ya kila mchezo, piga tupu mpaka itoe hewa, acha kifuniko wazi, itundike kichwa chini kivulini. Ikishanuka, tia maji na jiki kidogo sana, pitisha mpaka mdomoni, suuza mara kadhaa kabla mtoto hajaishika, manake lazima kuna mmoja atakayeipiga mdomoni mwake anywe.

Ukienda kununua nyengine

Chagua yenye skrubu, ile iliyogundishwa yote huwezi kuifungua hata kwa punje ya mchanga. Fikiria uzito: lita 1 ya maji ni kilo 1, mtoto wa miaka mitano na tangi la lita mbili litamlemea upesi ataiburuta. Mdomo wa kujazia uwe mpana, manake nyumba nyingi twajaza kwa kopo kutoka kwenye mtungi na maji yenyewe twayanunua, yakimwagika nje ni hasara. Rangi iwe kali, kijani, machungwa, samawati. Ile nyeusi yenye umbo la bunduki ya kweli usimnunulie mtoto wala kijana, usiku ama kwa mbali hakuna askari atakayejua kuwa ndani ni maji.

Kama muuzaji hataki itiwe maji dukani, huhitaji maji. Ziba mdomo kwa kidole, pampu mara mbili tatu, shika triga: kidole kisukumwe kwa nguvu, na ukiachia triga mkono wa pampu usirudi. Ukirudi, iweke kando mwambie akupe nyengine kutoka kwenye boksi hilo hilo, ujaribu mpaka upate inayoshika.